Kafedha Alivyozifungua Kalenda za Ushirika

Mwezi wa Machi, mama yake Kafedha alipika mahamri themanini na sufuria kubwa ya mbaazi za nazi, akatandika mikeka miwili, akaazima viti kumi na viwili kwa majirani, akakaa kibarazani kuungoja ushirika. Walikuja watu watatu. Mmoja wao alikuwa amepotea njia. Alikuwa akitafuta nyumba ya fundi wa friji.

Ushirika wetu ni wa watu wa kanisa moja wanaoishi kati ya Port Reitz na uwanja wa ndege. Kila Jumapili saa tisa alasiri tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Tunaimba, tunasoma neno, tunaomba, tunakunywa chai. Nyumba ni ishirini na moja, kwa hiyo zamu ya mtu hurudi baada ya miezi mitano hivi. Asiyeweza kufika hutoa udhuru, na udhuru huo husomwa mbele ya wote na kuandikwa katika daftari la katibu. Ni desturi nzuri na ninaitetea. Mtu anayejua kwamba sababu yake itasomwa kwa sauti huitafuta sababu hiyo kwa makini.

Lakini Machi ile hapakuwa na udhuru. Kafedha alipowauliza watu mmoja mmoja wiki iliyofuata, wote walitoa jibu moja: walisahau. Mwenyekiti alisahau. Mkewe alisahau. Watu kumi na wanane walisahau jambo moja siku moja saa moja, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi peke yangu nilisema nilikuwa na homa. Sikuwa na homa.

"Watu wana shughuli, mwanangu," mama yake alisema, akimpa jirani sahani ya tatu ya mahamri. Yeye mwenyewe alikula mahamri mpaka Alhamisi.

Kafedha Randu ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu. Baba yake, marehemu Randu, alikuwa mpakizi wa mizigo bandarini. Mama yake, Josephine, alikuja kutoka Kaloleni akiwa mwali na hajatoka tena katika nyumba ile iliyo nyuma ya ukuta wa uwanja wa ndege. Kafedha alisomea kompyuta chuoni miaka miwili, akatafuta kazi miaka mitatu, kisha akakodi chumba kimoja Port Reitz, hatua chache kutoka hospitali. Humo hubadilisha vioo vya simu, hupiga chapa barua, na huwajazia watu fomu za serikali. Wateja wakipungua huandika programu za simu. Moja aliyoiandika kwa ajili yetu aliiita Zamu. Ilionyesha ni nyumba ya nani Jumapili hii, njia ya kufika, na nyimbo zitakazoimbwa. Wote tuliipokea kwa shukrani, na hakuna aliyekuwa akiifungua.

"Kama ni kusahau," Kafedha alisema, "basi nitawakumbusha."

Kuingiza kalenda katika programu si kazi kubwa, alinieleza baadaye. Simu haiachi programu iguse kalenda ya mwenyewe hivi hivi. Mwandishi wa programu hutangaza ruhusa anazozitaka, kila ruhusa na mstari wake. Kisha mwenye simu huletewa kisanduku kidogo kinachouliza kama anakubali programu ifikie kalenda yake, naye hubonyeza Ruhusu au Usiruhusu. Ruhusa za kalenda ni mbili. Moja ni ya kuandika: programu huweka siku ya ushirika humo, na simu hulia ikikaribia. Nyingine ni ya kusoma yaliyomo. Mwandishi hutangaza mistari miwili, lakini mwenye simu huulizwa swali moja tu, na akikubali amekubali yote.

Kwa kumkumbusha mtu, mstari wa kuandika ulitosha. Kafedha akauandika. Akanywa chai. Kisha akauandika na wa pili.

Alikuwa na sababu. Alitaka programu ikiona kwamba mtu ana jambo jingine Jumapili saa tisa, imwandikie udhuru na kuupeleka kwa katibu, ili mwenye nyumba ajue mapema apike mahamri mangapi. Nakubali ni sababu ya busara. Lakini alipofika mahali pa kuamua udhuru huo uwe na maneno gani, angeweza kuandika "ana shughuli" na kuishia hapo. Yeye aliamua uyachukue maneno yale yale ambayo mtu ameyaandika mwenyewe katika kalenda yake.

"Ili usiwe uongo," alisema.

Alitabasamu aliposema hivyo. Sipendi mtu anayetabasamu anapoutaja ukweli.

Na katika ukurasa wa maelezo, ule unaotokea kabla ya kisanduku, aliandika: "Zamu itaandika siku ya ushirika kwenye kalenda yako na kukukumbusha." Kila neno lilikuwa kweli. Habari ya kusoma hakuitaja. Hapo ndipo alipokosea, na nitasema hivyo hata mbele yake.

Jumapili moja ya mwisho wa Julai, baada ya ibada, alizunguka uani mwa kanisa akituwekea programu mpya. Mimi hakuniwekea, kwa kuwa mambo yangu huyaandika katika kijitabu cha mfukoni. Sisemi kwamba hilo lilinifanya bora kuliko wengine.

Aliyesita alikuwa Mwangi peke yake. Mwangi ni kijana wa bara, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kila kitu chake kimo katika kalenda ya simu, kuanzia kontena za bosi hadi siku ya kunyoa nywele.

"Ngoja kwanza," alisema, akikitazama kisanduku. "Hii app inataka kuingia kwa kalenda yangu kufanya nini?"

"Kukukumbusha," Kafedha akamjibu.

"Kunikumbusha tu?"

"Si umesoma hapo?"

Mwenyekiti wetu, Gershom Changawa, mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya mimbarini, alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa amebonyeza Ruhusu zamani.

"Bonyeza, bwana!" alimwambia Mwangi. "Mtu asiye na la kuficha ataogopea nini?"

Mwangi akabonyeza.

Zamu ya Mama Kafedha ilirudi katikati ya Agosti. Tangu Ijumaa simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, haikupumzika. Kwanza alipiga mwenyekiti.

"Mama Kafedha, hujambo? Aisee, nasikitika. Wazee wa ukoo wametuita Kaloleni Jumapili. Sina budi."

"Wasalimie, baba," Mama Kafedha akasema.

Kisha Phoebe, muuguzi: amepangiwa zamu ya wodini. Kisha Mwangi: meli imeingia. Waliomaliza sababu za kazi walitaja matanga, na kwa hesabu yangu Jumapili ile ingekuwa na matanga manne kutoka Mazeras hadi Mariakani.

"Nitakanda unga wa mahamri ishirini," mama alimwambia bintiye.

"Kanda wa watu wote, mama. Safari hii watakuja."

"Mwanangu, nilikula mahamri hadi Alhamisi."

Jumamosi alasiri, simu za wanaushirika zililia zote kwa pamoja kukumbusha. Dakika hiyo hiyo programu ikachungulia kalenda, ikakusanya nyudhuru, ikazipeleka mahali pawili: kwenye simu ya katibu, na kwenye kompyuta ya Kafedha dukani. Kafedha alikuwa akimbadilishia mteja kioo. Aliacha bisibisi akasoma.

Gershom Changawa: kulala.

Alicheka hata mteja akaishika simu yake kwa mikono miwili, akihofia itaangushwa. Mstari uliofuata ulimhusu Phoebe: kusukwa nywele. Wa tatu alikuwa na mpira. Wa nne alikuwa ameandika "kupumzika na familia", na huyo ni mtu anayeishi peke yake.

Hapo ndipo Kafedha alipofanya jambo ambalo mimi, nikiwa mtu wa kanuni, siwezi kulisifu. Alichukua simu akamwandikia mwenyekiti: "Shikamoo baba. Nasikia wazee wa ukoo kesho watakutana kitandani kwako. Ukiamka, mama anakungoja saa tisa."

Jibu lilichelewa sana. "Nitafika," mwenyekiti aliandika. Hakuandika marahaba.

Kwa Phoebe aliandika: "Dada, wodi yenu siku hizi inasuka nywele?"

"Kafedha, wewe ni shetani," Phoebe akajibu. "Nakuja. Usimwambie mtu."

Lakini Phoebe mwenyewe alimwambia mtu, na mtu akamwambia mtu, na kabla ya jua kuzama watu kumi na wanne walikuwa wamempigia Mama Kafedha kumweleza kwamba matanga yameahirishwa, meli imekwenda zake, na wazee wa ukoo wamepatana. Kafedha aliona amefaulu. Akairudia orodha ili aimalize kwa starehe.

Mstari wa kumi na moja ulikuwa wa Mwangi. "Maombi ya Mama K. Saa nzima. Nitafute pa kwenda."

Kafedha aliacha kucheka.

Wa kumi na tatu ulisema: "Kwa Mama Kafedha. Magoti. Nisiende." Na wa kumi na tano ulisema mambo hayo hayo kwa maneno ambayo sitayaandika.

Lazima nieleze hapa kile tulichokijua wote isipokuwa yeye. Mama Kafedha huomba. Mwenye nyumba ndiye huomba maombi ya kufunga ibada, na nyumbani kwake tunapiga magoti juu ya saruji, na yeye humtaja mbele za Mungu kila mtu kwa jina, na watoto wake, na magonjwa ya kila mtoto, kisha bandari, kisha serikali, kisha wasafiri. Wasafiri hawakosi kwa sababu ndege hupita juu ya bati. Ndege ikipita, yeye hunyamaza mpaka mngurumo uishe, kisha huirudia sentensi tangu mwanzo, kwa kuwa haamini kwamba Mungu amesikia. Kafedha alikulia ndani ya maombi hayo na hakuwahi kuyapima. Hakuna aliyekuwa amesahau mwezi wa Machi. Tulikimbia.

Sasa furaha yake ikageuka hofu. Mpaka saa ile alikuwa akitaka jambo moja tu, nyumba ya mama yake ijae. Sasa alitaka mama yake asiusikie mstari wa kumi na moja. Aliketi kwenye kompyuta, akaifuta orodha, ikatoweka kwenye simu ya katibu pia. Akafuta na ule mstari wa ruhusa ya kusoma. Kisha, ili awe na hakika, akampigia katibu.

Katibu wetu ni Mwalimu Eddah, mwalimu mstaafu, mwanamke anayesoma kila kilichowekwa mbele yake pamoja na namba za kurasa.

"Shikamoo, mwalimu. Ile orodha bado waiona kwenye simu?"

"Marahaba. Imefutika yenyewe. Lakini usihangaike, mwanangu, nilikwisha kuinakili daftarini."

"Yote?"

"Mimi huacha nini? Kwa kalamu ya wino. Nataka kukusifu, Kafedha. Mwaka huu watu wamejieleza vizuri. Kwa kifupi."

"Mwalimu, nakuomba kesho usiisome."

"Udhuru ukishaingia daftarini ni mali ya ushirika. Mimi nani niufiche?"

"Mama yangu atasikia."

Kafedha alisikia daftari likifungwa.

"Mimi sikuandika hayo maneno," alisema. "Wewe pia hukuyaandika. Nani aliwaomba wayaandike? Lala salama."

Jumapili, saa tisa kasorobo, aliyebisha hodi kwanza alikuwa mwenyekiti, amevaa suti. Katika miaka saba ya uongozi wake hajawahi kuwahi mahali popote. Nyuma yake akaja Phoebe amejifunga kitambaa kichwani, maana nusu ya nywele ilikuwa imesukwa na nusu haijasukwa. Kisha wakaja wengine, wawili wawili, wakisalimia kwa adabu nyingi kupita kawaida. Saa tisa kamili tulikuwa watu ishirini na wanne, na mahamri yalikuwa ishirini.

"Kafedha!" mama aliita kutoka jikoni.

"Abee, mama."

"Hawa watu umewafanyia nini?"

"Nimewakumbusha tu."

Mama alimtazama kama anavyoutazama unga usioumuka. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka. Alizunguka akimshika kila mtu mkono kwa mikono yake miwili, akiuliza habari za watoto, na kila aliyeshikwa aliinamisha macho. Mwangi alikuwa amekaa karibu na mlango.

Tuliimba. Kisha ikafika saa ya nyudhuru, na Kafedha akasimama kabla katibu hajafungua daftari.

"Mwenyekiti, naona leo tumefika wote. Basi hakuna udhuru. Tuendelee na neno."

"Naafiki!" Gershom alisema, kwa haraka ambayo hatujapata kuiona kwake.

"Naunga mkono," Mwangi alisema.

"Naunga mkono," Phoebe alisema.

Mwalimu Eddah alikuwa amekwisha kuvaa miwani. "Kanuni ya nne," alisema. "Udhuru wote ulioandikwa husomwa. Haisemi kama mtu amefika au hakufika. Aliyeileta kanuni hiyo ni mwenyekiti mwenyewe." Akafungua daftari. "Bwana Gershom Changawa. Kulala."

"Lakini mimi nipo!" Gershom alisema.

"Nakuona. Nasoma kilichoandikwa. Dada Phoebe. Kusukwa nywele."

Mikono ya Phoebe ilikwenda yenyewe kwenye kitambaa. Kicheko kikaanza upande wa mikeka, kikaenea, na kila aliyecheka aliacha ghafla jina lake lilipotajwa. Mama Kafedha naye alikuwa akicheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika. "Baba Gershom," alisema, "hao wazee wa ukoo wamelala salama?"

Kafedha hakucheka. Alikuwa akihesabu mistari kwa vidole nyuma ya mgongo wake. Tisa. Kumi.

"Bwana Mwangi," Mwalimu Eddah akasoma, na hapo hapo ndege kubwa ikapita juu ya nyumba. Bati likatetemeka. Tuliona midomo ya katibu ikisogea na hatukusikia hata neno. Mwangi akafumba macho. Sijui kama alikuwa akishukuru, lakini ndivyo ilivyoonekana.

Mngurumo ukaisha.

"Ndege imepita, mwalimu," Mama Kafedha alisema. "Hapa kwangu tunarudia tangu mwanzo."

Kafedha alinyoosha mkono kulifuata daftari, akachelewa.

"Bwana Mwangi," Mwalimu Eddah akarudia, kwa sauti ya darasani. "Maombi ya Mama K. Saa nzima. Nitafute pa kwenda."

Hakuna aliyecheka. Huko nje mtoto alikuwa akipiga mpira ukutani, na tulisikia kila pigo. Mama Kafedha aliitazama mikono yake. Kisha akaita, polepole.

"Mwangi mwanangu."

"Mama."

"Saa nzima?"

Mwangi alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mama, si vile. Ni kalenda. Ukiweka kitu, yenyewe inakupa saa nzima. Mimi sikubadilisha."

"Mimi huomba dakika arobaini. Marehemu Randu alinipima, kwa saa ya mkono, mara nyingi. Umenizidishia ishirini." Akafikiri. "Na ndege je? Ulizitoa?"

"Ndege?"

"Zile dakika nazonyamaza si zangu. Zitoe."

Aliyecheka kwanza ni Mwalimu Eddah, ambaye sikujua kwamba hucheka, na daftari likajifunga mapajani mwake na halikufunguliwa tena. Kisha nyumba yote. Mwangi naye, machozi yakimtoka, akawa anasema "Pole, mama, pole," na mama anamjibu "Kaa, kaa, utanivunjia kiti cha watu."

Lakini kicheko kilipopungua Mwangi alimgeukia Kafedha, na hakuwa akicheka tena.

"Wewe uliniambia ni kukumbusha tu. Nilikuuliza. Uani, mbele ya watu, nilikuuliza."

"Uliniuliza," Kafedha alisema.

"Nilikupa ruhusa uniandikie. Si unisome. Na kama ningekuwa nimeandika ugonjwa humo?"

Kafedha hakutafuta maneno ya kujitetea, na kwa hilo namheshimu. Alisema alijua tofauti ya ruhusa hizo mbili alipoziandika, kwamba maelezo aliyapunguza kwa makusudi, na kwamba alikuwa amekasirika kwa ajili ya mahamri ya Machi. Alituomba radhi. Gershom alikohoa akitaka kuhubiri juu ya siri za watu, akaikumbuka orodha, akaacha.

"Kafedha," mama yake alisema.

"Abee."

"Anza na simu ya Mwangi. Zunguka kwa kila mtu, umwonyeshe ruhusa inavyofungwa."

Akazunguka, simu moja baada ya nyingine, akiwaonyesha mahali pa kuondoa ruhusa, nao wakaiondoa mbele yake. Mwangi aliikagua yake mara mbili. Hakubaki hata mmoja aliyeruhusu.

Kisha Mama Kafedha akatupigisha magoti. Tukajipanga juu ya saruji kama watu wanaojiandaa kwa safari ndefu. Mzee mmoja alikuwa amekunja koti akaliweka chini ya goti.

"Mungu," Mama Kafedha aliomba, "asante kwa waliokuja. Wewe wajua kwamba hawakutaka. Amina."

Tulibaki tumeinama. Hakuna aliyeamini. Hata chai ilikuwa haijachemka.

Kila mtu alipata hamri moja, wengine nusu, na wenyeji hawakupata kitu. Mama Kafedha alisimama mlangoni kutuaga, akaeleza kwamba mgeni kutoka nyumbani kwake na nusu ya hamri ni jambo ambalo halijatokea tangu aolewe, na kwa hiyo turudi Jumapili ijayo, hapo hapo. Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya Mwangi. Mwangi aliiachilia bila kujadiliana.

Wiki ile Kafedha hakulala vizuri. Simu zote zilikuwa zimefungiwa ruhusa. Hakuna ambayo ingelia. Asingeweza kujua nani anakuja na nani ana usingizi kitandani. Aliandika upya ukurasa wa maelezo, akataja kila kitu programu inachofanya na kila kitu isichofanya, lakini hakumwomba mtu yeyote airuhusu tena. Jumamosi mama yake alikanda unga wa mahamri themanini.

"Mama, je, wasipokuja?"

"Nitakula hadi Alhamisi. Sasa nipe ile simu yako ya zamani."

"Ya nini?"

"Uniwekee hicho kikumbusho chako. Nikianza kuomba, dakika kumi, ilie."

Kafedha akaweka. Programu ikaleta kisanduku, ikauliza kama inaruhusiwa kuifikia kalenda. Mama alisogeza simu mbali na macho, akasoma kila neno la maelezo kwa sauti, likiwemo jina la bintiye chini kabisa, akauliza maswali manne, ndipo akabonyeza Ruhusu.

Jumapili saa tisa hapakuwa na mtu. Saa tisa na dakika tano, hapakuwa na mtu. Kafedha alisimama kibarazani akijifanya anaanika nguo ambayo ilikuwa kavu. Saa tisa na robo, Mwangi alitokea kwenye kona ya ukuta amebeba viti viwili vya plastiki kichwani, na nyuma yake mwenyekiti, bila suti safari hii, na Phoebe na nywele zake zote, na Mwalimu Eddah na daftari. Tulikuwa ishirini na watatu. Mimi niliwatangulia hao kwa dakika tatu tu, na niliomba radhi kwa ile homa.

Tulikula tukashiba. Yalibaki mahamri matatu. Kisha tukapiga magoti, na wengi walikuwa wamekuja na mito.

Mama Kafedha alianza. Alikuwa amefika kwa wajukuu wa Gershom simu ilipolia katika mapaja yake, kwa mlio wa jogoo ambao Kafedha aliuchagua mwenyewe. Tulifumbua jicho moja moja. Yeye hakufumbua hata moja. Alipapasa, akaipata simu, akamkabidhi Mwangi aliyekuwa kando yake, na Mwangi akatafuta mahali pa kuinyamazisha.

"Na umsamehe Kafedha, Bwana," Mama Kafedha aliendelea, "kwa hicho kidude chake. Sasa nakuletea kifua cha yule mjukuu wa pili wa Gershom."

Zilipita ndege tatu. Bandari iliombewa, serikali iliombewa, wasafiri waliombewa mara tatu. Aliposema amina, Mwangi alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kiti, saa yake ya mkono mbele ya macho.

"Arobaini na sita," alinong'ona.

"Toa ndege," Mama Kafedha akasema, akinyoosha mkono ainuliwe.